Sinia, bufee au boksi: kipi kinafaa kwa chakula cha jumuiya?

Kwa mlo wa jumuiya ya Kikristo wenye watu 20 hadi 100, tunapendekeza sinia la stili lenye kipenyo cha sentimita 60, watu watano kwa kila sinia. Tumelilinganisha na bufee ya kukodi na boksi za foili, ambazo ndizo zimeshika nafasi siku hizi kwenye sikukuu za somo (mtakatifu msimamizi) wa jumuiya, kipaimara na kufunga mwaka. Sinia tunalipa nyota nne kati ya tano, bufee mbili na nusu, boksi moja na nusu. Nyota moja sinia limeikosa kwa haki, na sababu zake zipo huko chini.

Vyombo vya jikoni hupimwa kwa moto, uimara na usafi. Vyombo vya chakula cha Wakristo vina kipimo kingine juu ya hivyo, nacho ni cha zamani kuliko sufuria zetu zote. Paulo alipowaandikia Wakorintho, miaka ya 50 baada ya Kristo, alikemea kosa la mezani kabisa: kila mmoja anatangulia kula chakula chake, huyu ana njaa na huyu amelewa. Wafafanuzi wengi wanaeleza kwamba wenye nafasi waliwahi kufika, na watumwa na vibarua walifika kazi ilipowaachia, wakakuta vyombo vitupu. Paulo hakuwaambia waache kula pamoja. Aliwaambia, "mkutanikapo mpate kula, mngojane" (1 Kor 11:33). Basi kila chombo tumekiuliza swali hilohilo: kinawasaidia watu kungojana, au kinawapa njia ya kutangulia?

Bufee ya kukodi

Ina sifa zake na tunazikiri. Chakula kinabaki cha moto juu ya vyombo vyenye maji yanayochemka chini, mgonjwa wa kisukari anachagua anachokiweza, na akina mama wa jumuiya wanakaa kwenye ibada kama watu wengine badala ya kuisikia kupitia dirisha la jiko. Hilo la mwisho ni jambo kubwa, na yeyote anayetaka kurudisha sinia lazima ajibu nani atapika.

Lakini piga hesabu ya foleni. Mtu mmoja akitumia nusu dakika kupakua, watu 60 wanahitaji dakika 30. Wa kwanza ameshanawa mikono, wa mwisho hajashika sahani. Meza ikipangwa kupakuliwa pande zote mbili muda unashuka hadi dakika 15, nazo zinatosha mtu kumaliza sahani yake na kuondoka. Halafu kuna nyama. Mbele ya foleni watu wanaweka vipande vitatu vitatu. Wapakuaji wakiona sufuria inapungua wanaanza kubana, na nyuma kabisa, wanakosimama watoto na wale wasiopenda kusukumana, kinafika kipande kimoja chenye mfupa. Hiyo ni Korintho, ila sasa ina vitambaa vya meza.

Bufee pia huja na meza kuu. Padre au mchungaji, wenyekiti na wageni wa heshima wanapakuliwa kwanza, wanawekewa maji ya chupa na soda, waumini wengine wanasubiri jagi. Barua ya Yakobo, sura ya 2, inataja jambo hili waziwazi: mwenye pete ya dhahabu anaambiwa keti hapa mahali pazuri, maskini anaambiwa simama kule. Na tukumbuke Antiokia. Petro alipojitenga asile na watu wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi, Paulo alimpinga ana kwa ana, mbele ya wote (Gal 2:11-14). Suala la nani anakaa na nani kwenye chakula lilihesabiwa kuwa suala la Injili yenyewe. Tungependa viongozi wetu walione hivyo pia, wakae kwenye sinia kama watu wengine, bila sinia la wakubwa.

Watu wakizidi 150, hata hivyo, bufee ina nafuu, kwa sababu masinia 30 yanataka wabebaji na nafasi ambayo kumbi nyingi za parokia hazina. Ikibidi kuitumia, weka meza mbili au tatu za kupakulia, weka mpakuaji mmoja wa nyama kila meza, na sala ya chakula isomwe baada ya mtu wa mwisho kupakuliwa.

Boksi za foili

Zinafaa safari ya hija, zinafaa kupelekea wagonjwa, zinafaa msiba ambapo watu wanaingia na kutoka. Hakuna kuosha, na kila mtu ana kipimo sawa. Kwa mlo wa jumuiya zinafanya jambo moja baya sana: zinawarudisha watu nyumbani. Mtu akishakabidhiwa boksi lake hana sababu ya kukaa, na nusu ya ukumbi inakuwa getini ndani ya dakika tano.

Wamoravian, Wakristo wa kanisa mojawapo la Kiprotestanti, wana historia inayoonyesha kinyume cha hili. Tarehe 13 Agosti 1727, baada ya Meza ya Bwana huko Berthelsdorf, Ujerumani, watu waliokuwa na magomvi ya muda mrefu walipatana, na wakabaki katika vikundi wakizungumza, hawataki kuachana. Mkuu wa eneo, Zinzendorf, aliwatumia chakula kutoka jikoni kwake ili wasilazimike kutawanyika kwenda kula. Hapo ndipo ilipoanza karamu yao ya upendo, yaani mlo wa pamoja wa waumini. Mwaka 1737 John Wesley aliikuta kwa Wamoravian wa Savannah, Marekani, na akaipeleka kwa Wamethodisti wake. Wamisionari wa Kimoravian walifika Rungwe, kusini mwa Tanzania ya leo, mwaka 1891. Chakula kililetwa ili watu wasiondoke. Ukinunua chombo cha kulia jumuiya, nunua chenye kazi hiyo.

Sinia lenyewe: ukubwa

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapokosea, kwa kuwa wanapima kwa jicho. Kanuni ni sentimita 38 za ukingo kwa kila mlaji. Sinia la sentimita 50 lina mzingo wa sentimita 157, linatosha watu wanne. La 60 lina 188, watu watano. La 70 lina 220, watu sita wa kujibana kidogo. Mabega ya mtu mzima yanahitaji sentimita kama 45, kwa hiyo walaji hawakai wakilitazama sinia kifua wazi. Wanakaa kiubavu, mkono wa kulia umeingia kwenye chakula, bega la kushoto limetoka nje ya duara. Wazee wa Pwani na Visiwani wanakaa hivyo bila kufundishwa. Waliolelewa na sahani huhitaji kuonyeshwa mara moja, la sivyo wataanza kulalamika kwamba sinia ni dogo.

Usinunue la 80 kwa tamaa ya kupunguza idadi. Katikati yake haifikiwi na mtoto, na mtu akijinyoosha anapitisha kiwiko juu ya chakula cha jirani.

Malighafi, na jinsi ya kujaribu dukani

Stili ndiyo tunayoipendekeza, yenye unene usiopungua milimita 0.6. Sinia la sentimita 60 la unene huo lina uzito wa kilo 1.3 hivi, kwa hiyo nenda na mizani ndogo. Bonyeza katikati kwa kidole gumba: likibonyea na kurudi kwa mlio, ni bati jembamba, litapinda siku ya kwanza likibebwa na mtu mmoja. Sumaku ambayo wauzaji hupenda kuitumia haitoshi, kwa sababu zipo stili duni zisizovutwa na sumaku na zipo nzuri za jikoni zinazovutwa. Tazama ukingo badala yake. Ukiwa umekunjwa ukaacha mwanya kwa chini, maji ya kuoshea yatabaki humo, na baada ya miezi michache utaona mstari wa kahawia. Taka ukingo uliofungwa kabisa au uliosimama wazi, wenye kimo cha sentimita 2.5 hadi 3.

Alumini ya shiti ni nyepesi, kama gramu 800 kwa kipimo hichohicho kwa unene wa milimita 1, na bei yake ni ndogo. Inapoteza joto haraka na kuunguza mikono ya mbebaji, na haipendi ndimu, ukwaju wala nyanya kukaa juu yake muda mrefu. Ya kusubu, ile inayoyeyushwa kutoka vyuma chakavu, usinunue kabisa kwa chakula, maana inaweza kuwa na madini ya risasi. Utaitambua kwa uso wenye vitundu vidogo na unene usio sawa. Enameli yenye maua inapendeza macho, lakini ikigongwa inabanduka, na pale palipobanduka pana kutu na vipande vinavyoingia kwenye wali. Plastiki tumeiacha, inabaki na mafuta na harufu.

Vipimo vya chakula

Mfano wa watu 60, masinia 12, pilau ya nyama ya ng'ombe. Kila sinia linapata gramu 750 za mchele mkavu na gramu 700 za nyama yenye mifupa kidogo. Jumla: mchele kilo 9, nyama kilo 8.5, viazi kilo 4, vitunguu maji kilo 2, vitunguu saumu gramu 250, tangawizi gramu 250, mafuta lita 1 na robo, bizari nzima gramu 90, na mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga kwa kiasi cha mpishi. Kachumbari: nyanya kilo 3, vitunguu kilo 1 na nusu, ndimu 10. Sufuria isipungue lita 50.

Kosa kubwa la sufuria kubwa ni maji. Nyumbani mtu amezoea vikombe viwili vya maji kwa kimoja cha mchele. Akihamisha kipimo hicho kwenye kilo 9 atapata bokoboko, kwa sababu mvuke unaotoka ni mdogo ukilinganisha na wingi wa chakula. Tumia moja na nusu kwa moja, supu ya nyama ikihesabiwa humo. Kilo 9 za mchele ni kama lita 11, basi lita 16 na nusu za supu na maji pamoja zinatosha. Maji yakikauka, punguza moto wa chini, palia makaa juu ya mfuniko, acha dakika 25. Usikoroge. Geuza mara moja tu kwa mwiko mpana, kutoka pembeni kuelekea katikati.

Pakua kwa kurundika katikati ya sinia, usitandaze. Wali uliotandazwa unapoa kabla sala haijaisha. Kachumbari iwe kwenye bakuli mbili ndogo kwa kila sinia na itiwe chumvi dakika za mwisho, maana chumvi ikitangulia nyanya zinatoa maji na wali wa upande mmoja unalowa. Ugali na dagaa, wali wa nazi, biriani na ndizi nyama zilizokauka vinakubali sinia. Mtori, supu na maharage mepesi vinataka bakuli. Ijumaa za Kwaresima, ugali wa dagaa na mchicha ni mlo kamili na hauna aibu yoyote mbele ya mgeni. Na kama majirani Waislamu wamealikwa, nyama iwe ya kuchinjwa kwa namna wanayoikubali, na nguruwe asiingie jikoni siku hiyo, hata kwenye sufuria nyingine.

Sehemu ya wagonjwa ipakuliwe kwanza kabisa, kabla ya sinia la kwanza kutoka. Ikiachwa mwisho, itakuwa ukoko. Yustino, mwalimu wa Kikristo aliyeuawa kwa imani yake, akiandika Roma karibu mwaka 155, anaeleza jinsi mashemasi walivyowapelekea wasiokuwepo sehemu yao ya Ekaristi. Mlo wa jumuiya si Ekaristi, lakini aliyelala kitandani ni kiungo kilekile cha mwili wa Kristo, na wajumbe wawili na hotipoti moja wanatosha kumfikia.

Kunawa, kuketi, kungojana

Tenga lita 30 za maji kwa watu 60, nusu lita kwa kila mmoja, kabla na baada. Ndoo mbili zenye bomba, au birika na beseni, na sabuni. Taulo moja la wote liondolewe. Mikono ikauke kwa hewa. Vijana wa kipaimara ndio wawamiminie watu maji, wakianza na wazee. Usiku wa karamu yake ya mwisho, Yesu aliinuka kutoka chakulani, akachukua maji na kuwahudumia wanafunzi wake, kwa hiyo kazi ya birika isichukuliwe kama kazi ya waliokosa kazi nyingine.

Waliokwisha kunawa wapewe namba, 1 hadi 12, kisha 1 hadi 12 tena. Bila hivyo kwaya itakaa na kwaya, wenye magari na wenye magari, na mama aliyehamia mtaani mwezi uliopita atakaa na watoto wake. Namba zina hatari moja: mkwe. Katika jamii zetu nyingi mkwe na mama mkwe hawali chombo kimoja, na wengine hawawezi hata kuketi wakitazamana. Anayegawa namba awe mtu wa hapohapo anayejua nani ni nani, na abadilishe kimyakimya. Wanawake na wanaume kuchanganyika au kutochanganyika kuamuliwe na jumuiya yenyewe kabla ya siku hiyo.

Kila sinia liwe na mkubwa wake, baba au mama mmoja. Kazi zake ni tatu: hafungui mpaka watano watimie, anasali, anagawa nyama. Hilo la tatu ndilo kiini. Nyama hukatwa vipande viwili kwa mtu, gramu 60 hadi 70 kila kimoja kabla ya kupikwa, kwa hiyo kila sinia lina vipande 10 juu ya kilima cha wali. Kila mlaji anaanza na wali ulio mbele yake. Mkubwa anasubiri tonge chache, kisha anachambua nyama kwa vidole na kuisogeza, kipande kwa huyu, kipande kwa yule, chake mwisho. Mtoto anaona mkono wa mtu asiye baba yake ukimwekea kinono, na anakula bila kuomba. Waorthodoksi wa Ethiopia, wanaozunguka injera moja, wana gursha, yaani kumlisha mwenzako tonge kwa mkono wako. Kwetu mkono unaishia kwenye wali, lakini tendo ni lilelile.

Pasipo na mkubwa, sinia linaharibika haraka kuliko bufee. Vijana wawili wenye njaa wanamaliza nyama ndani ya dakika tatu na bibi anabaki na mchele. Msilaumu chombo kwa hilo. Spika za muziki pia zizimwe. Watu huanza kuzungumza njaa inapotulia, tonge zinapopungua kasi, na muziki ukiwa juu wanaitazama simu.

Mahali pawe ukumbini, chini ya mti au uani, juu ya mikeka. Ndani ya kanisa hapana. Sinodi ya Laodikia, karne ya 4, ilikataza karamu za upendo ndani ya majengo ya kanisa, na katazo hilo linasaidia hata leo watu wasichanganye altare na mkeka.

Linapoangukia

Nyota iliyokosekana ni hii. Kukiwa na mlipuko wa kipindupindu au ugonjwa mwingine wa kuhara, sinia liwekwe stoo na watu wapewe sahani, wakae katika duara zilezile za watano wakingojana vilevile. Mwenye kidonda mkononi au kikohozi kikali apewe sahani yake, akiwa amekaa na wenzake, bila maelezo kutangazwa. Wenye magoti mabovu hawawezi mkeka: sinia la sentimita 60 linakaa vizuri juu ya stuli pana na viti vifupi kulizunguka. Mwenye mzio aulizwe siku ya kuandaa, si siku ya kula. Kijiko kwa anayekitaka kisionekane kama dhambi.

Mabaki ya kwenye sinia hayarudi sufuriani wala hayafungwi kwa mtu. Yaliyobaki sufuriani yagawiwe ndani ya saa mbili tangu moto uzimwe, hasa wali, ambao ukikaa vuguvugu unaotesha bakteria wenye sumu isiyoondoka hata ukipashwa moto tena.

Kuosha ni rahisi: loweka dakika 10, sifongo na sabuni, suuza kwa maji ya moto. Waya wa chuma unaacha chembe zinazoshika kutu, usitumike kwenye stili. Yasimamishwe yakauke kabla ya kupangwa, na gazeti kavu liwekwe katikati ya moja na jingine. Gonga namba ya jumuiya kwa msumari upande wa chini, na mwenye daftari la stoo aandike nani ameazima na mangapi, kwa maana jumuiya yenye masinia 12 mazuri ndiyo itakayoombwa na mtaa mzima kwa harusi na misiba, Wakristo na wasio Wakristo, na ni vema kuyatoa.